Nani Kavunja Meza?

Meza ya nyanya haina mambo mengi: mbao nne, gunia la kufunikia, mafungu ya mia tano mia tano, na sado ya vitunguu pembeni. Mgambo wakifika alfajiri na nyundo, kazi huisha kwa dakika moja. Jioni taarifa ya habari husema kibanda "kimeondolewa". Aliyekiondoa hatajwi.

Kiswahili kinampa mwandishi ngazi tatu za kulisimulia jambo hilo: mgambo wamevunja meza, meza imevunjwa, meza imevunjika. Katika ya kwanza yumo mtu na nyundo yake. Katika ya pili mtu keshaingia gizani. Ya tatu, meza imejivunja yenyewe! Ni herufi moja au mbili tu kwenye kitenzi, na mwenye nguvu ametoka uwanjani bila jasho.

Oktoba 2021 wafanyabiashara wadogo wa Dar es Salaam walipoondolewa kandokando ya barabara, habari zilisema machinga "wanapangwa". Neno la adabu hilo. Hupangwa vitabu kabatini, hupangwa sahani. Lilitoka maofisini likaingia kwenye vichwa vya habari bila hata alama za nukuu. Huenda barabara zilihitaji kupumua kweli, na mtembea kwa miguu naye ana haki yake; hoja hiyo ijadiliwe mchana kweupe. Lakini gazeti likiazima neno la mpangaji, limekwisha kuamua kesi kabla mpangwa hajafungua kinywa. (Hata "machinga" lenyewe ni jina la kabila la Lindi lililogeuzwa kuwa jina la kazi. Wenyewe hawakuulizwa.)

Kisha vipo vitenzi vya kusema. Waziri "amebainisha", mkurugenzi "amefafanua", kamanda "amethibitisha". Mama wa nyanya "amedai". Akibahatika sana, "amelalamika". Mbao zake bado ziko chini, zimetapakaa miguuni pa mpiga picha, naye bado anadai tu. Mhariri na achukue kalamu nyekundu, apitie ukurasa mmoja wa gazeti lake, ahesabu nani anabainisha na nani anadai. Hatahitaji semina.

Kenya ililipia somo hili kwa bei kubwa. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, magazeti ya walowezi yaliwaita wapiganaji wa msituni magaidi wa Mau Mau. Wenyewe walikuwa na jina lao, Jeshi la Ardhi na Uhuru. Ardhi ndiyo iliyokuwa kiini cha ugomvi, na ndilo neno ambalo msomaji wa magazeti hayo hakuliona katika jina la Mau Mau. Uhuru ulipatikana 1963, lakini marufuku ya kikoloni dhidi ya Mau Mau ilibaki katika sheria mpaka 2003. Juni 2013 William Hague, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, alisimama bungeni London akakiri kwamba Wakenya waliteswa na utawala wa kikoloni, akatangaza malipo ya pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Mtenda hatimaye akatajwa ndani ya sentensi. Ilichukua miaka sitini, na wengi waliostahili kuisikia walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Mwandishi wa leo asingoje miaka sitini. Akiona nyundo, aandike nani aliishika na nani aliituma, kwa cheo chake. Neno likitoka ofisini, aliweke ndani ya alama za nukuu, kisha amuulize na yule ambaye neno hilo limemwangukia yeye analiitaje jambo lenyewe. Msomaji naye akisoma kwamba "ghasia zilizuka", kana kwamba ghasia ni uyoga baada ya mvua, amwandikie mhariri barua amuulize nani alizianzisha. Zile nyanya zilizopondwa zina mwenyewe, na asubuhi ile zilikuwa na bei. Hayo nayo yaandikwe.