Bwana Shamba na Wewe: Kipimo cha Chaji katika Pikapu ya Zamani



Mwezi huu tunaacha jembe kidogo, tunafungua boneti ya gari. Usishangae. Mahindi yako, pamba yako na maziwa yako hayaendi sokoni kwa miguu. Vijiji vingine bado vinategemea pikapu moja ya zamani, Land Rover au Toyota Land Cruiser ya miaka ya 1960 au 1970. Pikapu hiyo hiyo ndiyo inayompeleka mama mjamzito hospitali usiku wa manane. Ikizimika njiani kwa sababu betri imekwisha, hasara si ya mwenye gari peke yake.

Mara nyingi betri haifi ghafla. Huishiwa kidogo kidogo, ila dereva hana njia ya kuona. Njia ya kuona ni kipimo kidogo cha mviringo kinachoitwa ameta. Gari nyingi za zamani zilitoka kiwandani zikiwa nacho. Nyingine zilikuwa na taa nyekundu ya chaji tu, na balbu ya taa hiyo ikiungua dereva hajui kitu.

Je, ameta inafanya kazi gani? Inapima umeme unaoingia katika betri na unaotoka. Umeme huo tunauhesabu kwa ampea. Sindano ikisimama katikati, kwenye sifuri, hakuna unaoingia wala unaotoka. Ikielekea kwenye alama ya kujumlisha, betri inajazwa. Ikielekea kwenye alama ya kutoa, betri inaliwa.

Mfikirie mtoto anayehesabu ng'ombe. Anasimama mlangoni mwa zizi. Kila ng'ombe anayetoka au kuingia anapita mbele yake. Akikaa chini ya mwembe hatahesabu kitu. Ameta nayo hukaa mlangoni, yaani umeme lazima upite ndani yake. Kuna watu hufunga waya mmoja wa ameta kwenye betri na wa pili kwenye bodi ya gari. Hapo hakuna kupima. Hiyo ni shoti, na ameta itaungua mara moja.

Tufanye hesabu. Taa kubwa mbili za wati 45 kila moja ni wati 90. Taa nne ndogo za wati 5 ni wati 20. Jumla ni wati 110. Betri ni ya volti 12. Gawa 110 kwa 12, utapata kama ampea 9. Dinamo za gari hizo zilitoa kama ampea 20 tu, tena injini ikizunguka vizuri. Kwa hiyo ukiwasha taa usiku, zinabaki kama ampea 11 za kujaza betri. Ukiongeza taa mbili kubwa juu ya keria, kama vijana wanavyopenda, hakibaki kitu cha maana.

Sasa tufunge. Kwanza zima injini, na ufungue betri waya unaokwenda kwenye bodi, yaani waya wa ethi. Huo ndio wa kwanza kutolewa na wa mwisho kurudishwa. Ukianza na ule mwingine, spana ikagusa bodi, cheche zitaruka. Angalia pia alama kwenye betri. Land Rover nyingi za kabla ya mwaka 1967 zilifungwa chanya kwenye bodi, si hasi kama gari za sasa.

Fuata waya mnene kutoka betri mpaka swichi ya stata. Waya huo mnene usiuguse kabisa. Stata hula ampea 100, 200 na zaidi kwa dakika ile ya kuwasha. Ni fahali huyo. Akipita katika mlango wa ameta atauvunja. Kwenye msumari huo huo wa swichi ya stata utaona waya mwembamba zaidi, unaopeleka umeme kwenye katauti na sehemu nyingine za gari. Katika Land Rover kwa kawaida ni wa rangi ya kahawia, kama mafundi hawajaubadilisha. Huo ndio mlango wetu. Ufungue hapo. Kutoka kwenye msumari huo peleka waya mpya kwenye msumari mmoja wa ameta. Kutoka msumari wa pili wa ameta rudisha waya mwingine, uungane na ule wa kahawia ulioufungua.

Waya gani? Hapa ndipo watu wanapobania pesa, na hapa ndipo gari linapoungua. Waya wa spika au wa taa ya nyumbani haufai. Nunua waya wa gari wenye nyuzi nyingi, wa milimita 6 za mraba, na uwe mfupi kadiri inavyowezekana. Kumbuka, umeme wote unaoingia na kutoka katika betri, isipokuwa wa stata, unapita humo. Mahali unapopenya ukuta wa chuma kuingia ndani, weka mpira wa tundu. Barabara zetu zina mitikisiko. Bila mpira, chuma kitakuwa kinakula ngozi ya waya siku baada ya siku, mpaka shaba iguse bodi. Nimeliona gari lililoungua hivyo, likabaki chasi na magunia ya majivu. Weka na fyuzi ya ampea 40 karibu na betri. Nyuma ya ameta kaza nati vizuri, kisha funika misumari yake isiguse dashibodi.

Rudisha waya wa ethi. Washa taa kubwa kabla ya kuwasha injini. Sindano iende upande wa kutoa. Ikienda upande wa kujumlisha, fungua ethi tena na ubadilishane waya mbili za ameta. Redio iliyofungwa moja kwa moja kwenye betri haitaonekana. Huo ni mlango wa uani, uondoe.

Ukiwasha injini, sindano itapanda kujumlisha, kisha itashuka polepole karibu na sifuri betri inapojaa. Ikibaki juu saa nzima na maji ya betri yanachemka, katauti imeharibika. Ikibaki upande wa kutoa hata ukikanyaga mafuta, tazama kwanza mkanda wa feni, halafu brashi za dinamo.

Kama gari lako limebadilishiwa dinamo likawekwa altaneta kubwa, ya ampea 45 au zaidi, usifunge ameta ya ampea 30. Nunua voltimeta. Yenyewe hutumia waya mbili nyembamba, na injini ikizunguka isome kama volti 14. Kwa maoni yangu, hata wenye dinamo wasio na fundi wa kuaminika wachukue hiyo.

Na sindano ikishuka usiku ukiwa mbali na nyumbani, zima taa za juu na redio, usizime injini, uendelee na safari.