Fotei za Goma na macho ya mgeni

Mjini Goma, mgeni akipiga hodi, mara nyingi anangoja kidogo nje. Ndani kuna mbio. Mtu anavuta rido ili kitanda kisionekane, mtoto anaondoa sahani zilizobaki mezani, mama anatandika upya vitambaa vyeupe vya kufuma juu ya fotei. Ndipo mlango unafunguliwa na yanasikika maneno ambayo kila mkaaji wa mji huu anayajua: « Karibu, ingia, lakini usiangalie sana, nyumba iko vile unaiona. » Mgeni anajibu kwamba kila kitu kiko sawa. Anasema hivyo wakati macho yake yamekwisha kuzunguka saloni yote, toka juu hadi chini.

Si wageni wote wanaoangalia pahali pamoja. Mtoto anaona televisheni, na kama haipo anauliza iko wapi, mbele ya watu wote. Kijana anatafuta pa kuchajia simu. Fundi mbao anaangalia miguu ya meza. Mama mkwe yeye hakai: anasema anakwenda kusalimu watoto, na dakika moja baadaye yuko jikoni anafunua sufuria. Lakini wengi, karibu wote, wanaanza na saloni: fotei ni ngapi, ni za kitambaa gani, chini kuna zulia au ni simenti tupu, kabati la vyombo lina vioo au halina. Kutokana na hayo wanatoa hukumu, na hukumu hiyo inatoka pamoja nao hadi barabarani. « Kwa fulani wako sawa. » Ama: « Kwa fulani kuna mateso. »

Hukumu hiyo ina bei, na wanaoilipa ni watu wasio na kitu.

Nyumba nyingi za Goma ni za mbao na mabati, zimesimama juu ya mawe meusi ya volkano. Kuna sababu. Kuchimba msingi ndani ya lava ni kazi ngumu na ya gharama, tena mji ambao lava ya Nyiragongo iliupasua katikati tarehe 17 Januari 2002 unajua kwamba nyumba inaweza kupotea kwa siku moja. Basi familia ya watu wanane inakaa katika vyumba viwili. Chumba kikubwa, chenye dirisha, kinakuwa saloni. Kile kidogo kinabaki kwa wazazi, mtoto mchanga, nguo na gunia la makala. Watoto wakubwa je? Usiku fotei zinasukumwa ukutani, meza inasimamishwa wima, godoro moja linatandikwa chini na watoto wanne wanalala juu yake, mmoja akigeuka wote wanageuka. Saa kumi na mbili asubuhi godoro linafichwa nyuma ya rido. Mgeni wa saa nne haoni chochote cha hayo. Anaona saloni nzuri.

Yaani kile anachokiona kwanza ndicho kinachomwambia kidogo zaidi kuhusu nyumba ile, kwa sababu kimetayarishwa kwa ajili yake.

Si kwamba fotei ni kitu kibaya. Nyingi zinatengenezwa hapa hapa na mafundi wa mji, na zinalisha familia zao. Mama aliyeuza sambaza miezi mingi, akaweka pesa kidogo kidogo kwenye likelemba ama kwenye AVEC, na zamu yake ilipofika akanunua fotei, ana haki ya kujivunia, na anayemcheka ndiye wa kuchekwa. Shida inaanza pale familia inapojua kwamba itapimwa kwa fotei, ikaanza kununua kwa ajili ya yule anayepima. Hapo pesa ya shule ya mtoto wa sekondari inangoja mwezi mwingine, na mwezi huo mwingine nao una mambo yake.

Siku ya kupokea upande wa kijana anayetaka kuoa ndiyo inayoonyesha ujinga huu vizuri kuliko siku zote. Toka asubuhi watoto wanatumwa kwa majirani. Fotei mbili zinatoka nyumba ya kushoto, televisheni inatoka nyumba ya kulia, vikombe vinatoka kwa shangazi anayekaa Himbi. Wageni wakiingia wanaona mali ya nyumba nne imewekwa katika chumba kimoja. Nao wanajua, maana siku yao ya kupokea wageni walifanya vile vile. Hakuna anayesema neno. Kisha mazungumzo ya mahari yanaanza, na idadi ya ng'ombe inapandishwa au kushushwa kwa kuangalia fotei ambazo jioni zitarudi kwa wenyewe.

Mambo hayo yangeweza kuchekesha tu, kama isingekuwa hali ya mji leo. Tangu waasi wa M23 walipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, baada ya mapigano yaliyoua watu wengi, saloni nyingi zimebadilika sura. Kuna nyumba zilizoporwa siku zile. Kuna zilizoachwa wazi na watu waliokimbia. Mabenki yakafungwa, mishahara ikakwama, biashara ikalegea, na familia zilizokuwa na vitu zikaanza kuviuza: televisheni kwanza, halafu kabati, mwishowe fotei moja moja. Anayeingia leo katika saloni yenye viti viwili vya plastiki anaweza kuwa ameingia kwa mwalimu mwenye miaka ishirini ya kazi. Akiuliza, hata kwa mzaha, « Sasa fotei zenu zilienda wapi? », amegusa kidonda. Swali hilo linaulizwa na watu wema, wasiotaka kumuumiza mtu. Jibu la kawaida ni kwamba zilipelekwa kwa fundi. Fundi huyo lazima ana bohari kubwa sana, maana amekusanya fotei za nusu ya mji.

Baada ya kuulizwa mara mbili hivyo, mwenye nyumba anajifunza njia nyingine: anapokea watu nje. Anasimama mlangoni, anafunga mlango nyuma yake kwa mkono mmoja, anaongea akiwa amesimama, anasema ndani kuna mtoto amelala. Rafiki wa miaka mingi anazungumza naye kwenye mawe ya uani kama mtoza kodi. Wote wawili wanaona kuna kitu kimeharibika, na wote wawili wanaogopa kukitaja.

Hapo ndipo jambo linakuwa zito, kwa sababu mji wa Goma, sawa na Sake, Minova, Beni au Bunia, unaishi kwa milango iliyofunguliwa. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka na lava ikafika hadi Buhene. Siku tano baadaye viongozi wakaamuru sehemu kubwa ya mji ihame, na mamia ya maelfu ya watu wakaenda Sake, Rutshuru, Bukavu na Gisenyi, kwa miguu, kwa gari, kwa mashua. Kuna waliolala makanisani na mashuleni, na kuna waliochukuliwa na watu ambao hawakuwajua kabla ya jioni ile. Na kwa vita ni hivyo hivyo. Picha zilizozunguka dunia zilikuwa za kambi, Bulengo, Lushagala, Kanyaruchinya, lakini katika Kongo sehemu kubwa ya wakimbizi wa ndani siku zote imekaa katika familia za watu, haikukaa kambini. Mwezi wa Februari 2025 kambi za kuzunguka Goma zilipoondolewa, wale walioshindwa kurudi vijijini kwao walipiga hodi kwa ndugu, kwa shemeki, kwa mtu wa kanisa moja.

Mtu anayeogopa macho ya mgeni hafungui mlango haraka. Na mgeni wa aina hiyo, mwenye watoto watatu na fungu moja la nguo, hawezi kungoja mpaka saloni itengenezwe.

Wazee waliokulia Masisi, Walungu au Lubero wanakumbuka mapokezi mengine. Nyumba ya kijijini ilikuwa na mlango mdogo, ndani kuna giza na moshi. Aliyetoka juani alipoinama na kuingia hakuona kitu kwa muda mzuri. Alisikia kwanza: sauti ya mwenye nyumba ikimwonyesha pa kukaa, moto, mtoto anayekohoa. Salamu zilikuwa ndefu, za watu, za shamba, za wanyama, na kasiksi ikaja kama ipo. Macho yalipozoea giza, mgeni alikuwa amekwisha kujua nani mgonjwa na nani amejifungua. Hakuna haja ya kuitamani nyumba yenye moshi, kifua kinajua kwa nini. Lakini mpangilio ule, masikio kwanza na macho baadaye, haukuwa mbaya, na hakuna anayekatazwa kuufuata hata katika nyumba yenye dirisha la kioo na taa.

Kule Bukavu, tusisahau, mambo yako tofauti kidogo. Katika Kadutu nyumba zimebanana juu ya mteremko hivi kwamba mgeni anapita karibu na jikoni za watu watatu kabla ya kufika anakokwenda. Amekwisha kuona kila kitu kabla ya kukaribishwa, na labda ndiyo sababu watu wa kule hawaombi msamaha sana mlangoni. Watu wa Goma watasema si kweli.

Kuna mara moja ambapo macho ya wageni yalibadilika katika mikoa hii, na iligharimu maisha ya watu zaidi ya 2.200. Ilikuwa wakati wa Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020. Huko Beni na Butembo, kitu cha kwanza kilichoonekana mlangoni kilikuwa bidoni yenye robine, ndoo chini yake, na sabuni au maji ya klori. Mgeni alinawa kwanza, na salamu yenyewe haikuwa ya mkono. Kwa muda ule, alama ya nyumba haikuwa mali ya mwenyewe, ilikuwa namna anavyomlinda anayeingia, na bidoni ya njano ya tajiri haikuwa na tofauti na ile ya maskini. Ugonjwa ulipokwisha, bidoni nyingi ziliondolewa mlangoni zikarudi kwenye kazi ya kuchota maji. Ni hasara, kwa sababu kipindupindu hakijawahi kuondoka kando ya ziwa Kivu na ziwa Tanganyika.

Hata hivyo, pale pasipo na maji ya kunawa, mgeni asiharakishe kusema ni uchafu. Anayekaa Ndosho au Mugunga anajua maana ya bidoni moja ya lita ishirini. Bomba linakauka siku nyingi. Maji yanatoka ziwani, Kituku na kwingineko, juu ya mgongo wa mama au wa mtoto, juu ya chukudu, nyuma ya pikipiki, na kila hatua ya njia inaongeza bei. Ndani ya nyumba ile yamegawanywa: ya kupika, ya kunywa, ya kuoga mtoto, na yale ya kuoga yanarudi kuosha choo.

Kisha mgeni anaketi, na mtoto anamletea glasi ya maji juu ya sahani ndogo. Anakunywa nusu, anaiweka chini, anaendelea kuangalia kabati. Glasi ile ni kitu cha gharama kuliko vingi vilivyomo katika saloni yote, na hakikuazimwa kwa jirani.

Kama kuna mahali pa kuanza kubadilisha tabia, ni pale watu wanapozoea kukutana. Katika parokia za Goma na Bukavu, shirika linasali nyumba kwa nyumba. Vikundi vingi vya AVEC navyo vinakutana kwa mzunguko. Zamu ikikaribia kufika kwa familia isiyo na viti, familia hiyo inapata safari ya ghafla, au mgonjwa wa ghafla, na zamu inaruka kwenda kwa jirani mwenye fotei. Kila mtu anaelewa, kila mtu ananyamaza, na baada ya mwaka kikundi kizima kinakutana katika nyumba tatu tu. Ingetosha kukubaliana kwamba kila anayekuja anakuja na kiti chake, hata siku ya yule mwenye fotei kumi. Kiti cha plastiki ni chepesi, kinabebwa kichwani. Mwenye nyumba atabaki na kazi moja, ile ya maji ya kunywa na ya kunawa, na kwa kazi hiyo wanakikundi wanaweza kutangulia na bidoni mbili.