Ziara ya Mgodini na Swali Lililotushinda

Katika shule zetu nyingi ziara ya masomo imepewa heshima kubwa kuliko maandalizi yake. Wazazi huchangishwa, basi hukodiwa, watoto huamka alfajiri, lakini andalio la somo la siku hiyo huwa mstari mmoja tu: "Wanafunzi watatembelea mgodi." Maoni yetu ni kwamba mstari huo hautoshi, na hayo tumejifunza kwa kufedheheka.

Mwaka mmoja tulifuatana na wanachuo pamoja na watoto wa darasa la sita wa shule ya mazoezi. Kituo cha kwanza kilikuwa Makumbusho ya Wasukuma yaliyoko Bujora, karibu na Mwanza, yaliyoanzishwa na Padri David Clement. Watoto walinakili majina ya ngoma, wakaipita nyumba ya mhunzi bila kusimama, kwa kuwa sisi wenyewe hatukusimama. Kisha tukaelekea kusini hadi Mwadui, mkoani Shinyanga, ambako John Williamson, mtaalamu wa miamba kutoka Kanada, aligundua almasi mwaka 1940. Tukaeleza jinsi almasi zilivyopandishwa na miamba iliyotoka chini sana ya ardhi. Tukaitaja pia almasi ya waridi yenye uzito wa karati 54.5, iliyopatikana hapo mwaka 1947. Ndipo mtoto mmoja akauliza: "Mwalimu, hiyo almasi sasa iko wapi?"

Hatukuwa na jibu. Tukasema muda umekwisha, tukawaamuru watoto wapande basi.

Jibu tulilipata baadaye. Williamson aliitoa almasi ile iwe zawadi ya arusi ya Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, mwaka ule ule wa 1947, wakati Tanganyika ilipokuwa chini ya udhamini wa Uingereza. Ilipokatwa na kusuguliwa ilibaki karati 23.6, ikawekwa katikati ya pambo la kifuani lenye umbo la ua. Kumbe swali la mtoto lilikuwa ndilo somo lenyewe, nasi tulilifunga kama daftari.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba mwalimu asitoke na darasa kabla ya kuandika maswali matatu ubaoni. Nani alichimba, na kwa ujuzi gani? Kilichochimbwa kilikwenda wapi? Na ni nini kilichobaki mahali pale? Maswali hayo huunganisha vituo ambavyo bila hayo huonekana kuwa mbalimbali. Mtoto akisimama nayo mbele ya nyumba ya mhunzi, ataona kwamba chuma kiliyeyushwa na kufuliwa katika nchi hii kabla ya wakoloni, na kwamba jembe lake lilirudi shambani au likatolewa mahari. Akifika Mwadui ataona njia nyingine kabisa ya mali.

Msafiri anayeendelea kwa barabara kupita Nzega na Igunga hufika mlima Sekenke, ambako Wajerumani walichimba dhahabu. Mwaka 1916, wakati wa vita, sarafu kutoka Ujerumani zilipokuwa haziwezi kufika, dhahabu ya Sekenke ilitumika Tabora kutengeneza sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Mtoto akiyajua hayo, mlima ule hautakuwa tena kona za kutisha tu.

Watakuwapo watakaosema kwamba maswali haya ni mazito kwa watoto wa shule ya msingi. Sisi twakataa, kwa sababu lile zito kuliko yote liliulizwa na mtoto, na aliyeshindwa ni mwalimu. Wengine watasema vipindi havitoshi. Vipindi viwili kabla ya safari na kimoja baada yake si vingi, hasa ukilinganisha na gharama ya basi.

Lipo jambo la wale wasioweza kuchanga. Haifai wabaki shuleni wakifyeka nyasi huku wenzao wakisafiri. Katika vijiji vingi vya kanda hii wapo wazee waliofanya kazi migodini. Mwalimu amwalike mmoja wao, darasa zima limwulize maswali yale yale matatu, na majibu yake yalinganishwe na yale yatakayoletwa na wasafiri. Hapo wote watakuwa wamechangia somo.

Na swali likimshinda mwalimu, aliandike mbele ya watoto, aahidi siku ya kulijibu, na aitimize ahadi hiyo. Sisi hatukufanya hivyo. Tulipolipata jibu la almasi ile, mtoto aliyeuliza alikuwa amekwisha maliza shule, na hatukujua alikokwenda.