Dumu la Mafuta na Maji ya Udhu



Miezi miwili iliyopita, tulipokuwa tukisafisha ghala la msikiti wetu jirani na Forodhani, tulikuta madumu manne ya mafuta ya kula, ya lita 20 kila moja, yakisubiri gari la taka. Mawili tukayajaribia kazi.

La kwanza tulilitoboa kwa chuma cha moto, vidole viwili juu ya kitako ili uchafu utulie chini, tukatia koki ndogo ya plastiki. Likavuja. Kipande cha mpira wa kandambili kuukuu, kilichokatwa duara na kubanwa baina ya koki na dumu, kikamaliza uvujaji. Kifuniko hulegezwa kidogo, la sivyo maji hukataa kutoka. Imepokewa na Bukhari na Muslim kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, kipimo kisichofika lita. Kwa hesabu hiyo dumu lingetosha watu zaidi ya 20. Sisi huishia kwa mtu wa kumi na tano, na bado ni nafuu kubwa siku bomba linapokauka.

La pili tulilipasua ubavuni likawa hori: makumbi ya nazi chini, udongo na samadi juu, kisha mchicha. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe hazina shamba ila ua mdogo. Tulimwagilia maji ya udhu yaliyokingwa beseni, na mzee mmoja akauliza kama yafaa. Kwa madhehebu ya Shafii maji hayo ni tohara ingawa hayatoharishi tena. Mtu hatawadhii, mchicha haukatazwi.

Kosa letu ni kutolitoboa hori chini. Mvua ikanyesha, mizizi ikaoza, na viluwiluwi vya mbu vikajaa. Jirani yetu mwenye mtoto mchanga akaja kulalamika, kwa adabu kuliko tulivyostahiki. Toboeni matundu kabla ya kutia udongo. Na dumu la udhu limwagwe na kusuguliwa kila wiki, kabla yai halijawa mbu.

Dumu lililowahi kutiwa dawa ya wadudu msilitumie kwa maji wala mboga, hata mkilisuuza mara saba, moja kwa udongo.

Madumu mawili yaliyobaki yapo barazani, na kamati imekwisha kuruhusu yatolewe. Anayeyahitaji aje baada ya Alasiri, na kandambili yake kuukuu.