Bila Wao, Hakuna Kikao

Sisi wakulima wa mboga wa Mgeta, wauza ndizi wa Kinole na Matombo, wafugaji wa Mvomero, walimu, makarani, watu wenye ulemavu na waajiriwa wa mashirika yenye ofisi mjini Morogoro, tumekubaliana kuanzisha vuguvugu. Jina bado. Tumeona tuanze na tunachokitaka, maana mji huu hauna uhaba wa majina mazuri yaliyochapwa kwenye fulana.

Tunachokitaka ni hiki: anayehesabiwa kuwa mjumbe awe na uzito wa kutosha kiasi kwamba asipokuwepo, kikao hakiwezi kuamua.

Leo hali siyo hiyo. Fungua daftari la mahudhurio la semina yoyote. Kuna safu inayouliza ME au KE. Mama ameondoka Nyandira, kule Mgeta, alfajiri juu ya lori la kabichi, amefika saa nne na nusu, bajeti imeshapitishwa. Kabrasha analopewa halijawahi kufika kijijini. Hoja yake kuhusu ushuru wa soko imewekwa kwenye Mengineyo, na kabla ya Mengineyo mwenyekiti anatazama saa. Mama anatia sahihi, anapokea nauli na soda, na KE moja inaongezeka kwenye ripoti kwa mfadhili. Kwa kijana kiziwi ni hivyohivyo, ila yeye hata hiyo bajeti hakuambiwa ilikuwa shilingi ngapi, kwa sababu mkalimani wa lugha ya alama "hakuwemo kwenye mpango".

Hatulilii sheria mpya. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye waajiriwa 20 au zaidi awe na watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka kila mwajiri asajili kwa Kamishna wa Kazi mpango wa kuondoa ubaguzi kazini. Waulize wafanyakazi wenzako ni wangapi wameuona mpango wa ofisi yao.

Milima hii ya Uluguru inajua gharama ya kuamuliwa mambo. Wakoloni wa Kiingereza waliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko. Mwaka 1955 watu waligoma, huko Matombo polisi wakafyatua risasi, mtu akafa, na mpango ukafa pia. Kwamba udongo ulikuwa unamomonyoka, wataalamu hawakukosea. Ila hawakumsikiliza anayeulima, aliyejua kwamba rutuba ya huku ni tabaka jembamba, ukichimba ngazi unaifukia.

Wala tusijisifu kwa mila. Ni kweli, kwa Waluguru ukoo unafuata kwa mama, na ardhi ya lukolo, yaani ya ukoo, pia. Wageni wakisikia hivyo hudhani wanawake wa Uluguru walishajikomboa zamani. Ardhi ilipita kwa mama. Neno la mwisho lilibaki kwa mjomba. Vyama vyetu vingi vya ushirika vimeurithi utaratibu huo bila hata kuutaja: mama ndiye mwanachama, anayepokea simu ya benki ni mwingine.

Mfano tunaoutaka upo karibu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe saba, watatu wanawake. Hapo wengi huishia kusoma. Uzito uko kwenye akidi: wajumbe wanne, na kati yao angalau wawili wawe wanawake. Wanaume wanne wakikutana chini ya mwembe, hata wakiwa na hekima kiasi gani, hilo si baraza.

Basi tunadai akidi ya namna hiyo kwenye kila chama cha akiba na mikopo (SACCOS), kila chama cha ushirika wa mazao (AMCOS), kila bodi ya shirika, kila kamati ya chuo na ya maji katika mkoa huu, hasa pale panapoamuliwa fedha, ajira na ardhi. Ramani ya matumizi ya ardhi isipigwe muhuri kama wafugaji hawakuwepo ilipochorwa. Kabrasha lifike siku saba kabla, kwa Kiswahili kinachosomeka. Nauli na mkalimani viingie kwenye bajeti kabla ya chakula cha mchana cha wageni waalikwa. Na muhtasari uandike nani alipinga nini, maana "wajumbe waliafiki" imeficha mengi.

Tutaambiwa vikao vitachelewa. Vitachelewa, ndiyo, kwa miezi ya mwanzo, mpaka wanaoitisha vikao wajifunze kuuliza watu wanapatikana lini.

Tunaanza na sisi wenyewe. Kikao chetu cha kwanza kitaketi Nyandira, saa tisa alasiri, gulio likishavunjika na mizigo ikishapakiwa. Watakaotia sahihi benki watachaguliwa kabla ya mwenyekiti. Akidi isipotimia tutakunywa chai, tutapanga siku nyingine, na kila mtu atarudi kwake.