Jenetiki ya chaki: tunalipa labo, tunaonyeshwa ubao

Ndugu wananchi wa Iga Barrière, wa Bunia na wa Ituri nzima,

Tunajua wengine watacheka: "Vita iko, njaa iko, na ninyi vijana mnatuletea mambo ya jenetiki?" Ndiyo, tunaleta jenetiki. Someni mpaka mwisho, njo mtacheka.

Mmoja wetu alitoka hapa akaenda kusoma biolojia katika chuo kikuu kikubwa cha serikali. Wazazi waliuza mbuzi na mihogo ya shamba nzima ili alipe minervali. Juu ya minervali waliongeza franga ya labo, kila mwaka. Labo yenyewe? Mlango uko na kufuli. Elektroforezi aliiona imechorwa kwa chaki. PCR aliisoma kwenye silabusi ya fotokopi, na silabusi hiyo usiponunua, pointi zinapotea. Miaka yote hiyo hakushika pipeti hata siku moja. Leo ana diploma, na anaendesha moto kwenye barabara ya Mongbwalu. Kuendesha moto si aibu. Aibu ni ya wale waliokula franga ya labo.

Wanatuambia: "Jenetiki ni kitu cha Wazungu, sisi hatuna uwezo." Bongo!

Mwaka 1941, Yangambi, pale karibu na Kisangani, Wabelgiji wawili, Beirnaert na Vanderweyen, walieleza kwamba mchikichi wa tenera, wenye nyama nyingi na ganda jembamba, ni mtoto wa aina mbili: dura na pisifera. Ujuzi huo njo Malaysia na Indonesia wamejengea mashamba yao makubwa. Ulitoka kwenye udongo wetu na kwenye mikono ya vibarua wetu, ambao majina yao hayako kwenye kitabu. Leo Kongo inaagiza mafuta ya mawese kutoka Asia.

Mwaka 1995 Ebola iliua watu zaidi ya 200 Kikwit. Damu ya mtu mmoja aliyepona kule njo ilitoa kingamwili inayoitwa mAb114. Profesa Jean-Jacques Muyembe wa INRB alikuwa ndani ya kazi hiyo, na tunamheshimu. Desemba 2020 Marekani ilikubali dawa hiyo kwa jina la Ebanga. Leseni ya kuitengeneza iko kwa kampuni ya Marekani. Damu ya kwetu, kiwanda cha kwao.

Na Ebola ya 2018 mpaka 2020, iliyopiga Nord-Kivu na Ituri? Wagonjwa 3,470, wafu 2,287. Safari hii Wakongo wenyewe wa INRB, Kinshasa na Goma, walisoma jenomu za virusi. Kwa kusoma hivyo waligundua kwamba mgonjwa mmoja aliyekuwa amepona alirudiwa na ugonjwa, na kutoka kwake ukazaliwa mnyororo wa wagonjwa 91. Bila jenetiki, watu wangeanza kutafuta mchawi. Kwa hiyo uwezo uko. Kinachokosa ni nia ya kuufikisha kwa mtoto wa mkulima.

Sasa tushuke nyumbani. Nani kati yenu hajui familia yenye mtoto wa SS? Mtoto analia mifupa, anaongezewa damu, na shangazi wananyooshewa kidole kwamba "wamemkula". Watafiti waliopima watoto wachanga Kinshasa walikuta kwamba kati ya 100, zaidi ya mmoja ni SS, na karibu 17 ni AS. Baba akiwa AS na mama AS, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kutoa mtoto SS. Kila mimba, si mtoto wa nne tu! Jambo hili mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kulieleza kanisani, msikitini, sokoni. Lakini kipimo chenyewe ni ile elektroforezi iliyobaki ubaoni. Hata mtu akikubali kupimwa kabla ya ndoa, atapimwa na nani, na kwa mashine gani?

Na kuna neno lingine, zito zaidi. Hapa Djugu watu wanauawa kwa sababu ya "damu". Tumeambiwa hawa ni wa damu hii, wale ni wa damu ile, hawawezi kukaa pamoja. Nani alianza kutuhesabu hivyo? Mwaka 1863 Mwingereza Speke aliandika hadithi yake ya "Wahamiti" waliokuja kutawala "Weusi". Wakoloni waliichukua, wakagawa machifu na mashule kwayo. Sisi tumeirithi kama ukweli. Jenetiki inasema nini? Mwaka 1972 Lewontin alihesabu akaona kwamba karibu 85 kati ya 100 ya tofauti za jeni za wanadamu ziko ndani ya kundi moja, si kati ya kundi na kundi. Jeni ya SS haiulizi kama wewe ni Hema, Lendu, Alur, Bira au Nyali. Inafuata malaria, juu mwenye AS anakingwa sana na malaria kali. Mbu wetu ni mmoja, na damu ya kuongezewa hospitalini haina kabila.

Anayechochea vita kwa jina la damu hajasoma damu. Na serikali inayofunga labo inamsaidia.

Kwa hiyo tunadai:

1. Kila chuo kikuu cha serikali kitangaze hadharani franga ya labo iliyolipwa na kilichonunuliwa. Hakuna labo, hakuna franga ya labo.

2. Wanafunzi wa biolojia na wa tiba wa Ituri wapate staji za kweli INRB, Yangambi na kituo cha INERA cha Nioka, bila kuuliza ni mtoto wa nani.

3. Kipimo cha SS kiwe bure kwa watoto wachanga na kwa wachumba, kuanzia kambi za wakimbizi wa vita.

4. Sampuli yoyote ya damu inayotoka Ituri itoke na mkataba unaojulikana, na kijana wa hapa afundishwe kazi hiyo.

Wasituambie utawala wa kijeshi haujaacha franga. Tangu Mei 2021 tunasikia wimbo huo.

Tutaanza kwa amani, kama kawaida yetu. Kila mmoja wetu atapeleka kipande kimoja cha chaki kwenye ofisi ya mkuu wa jimbo, na orodha ya madai haya. Chaki tumeshiba. Tunataka labo.

Vijana raia wa Iga Barrière