Msiyatupe madaftari ya binti aliyemaliza la saba



Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba, na kidato cha kwanza huanza Januari. Katikati hapo ndipo kina mama wengi huku Handeni na Korogwe tunaposafisha nyumba. Sanduku la binti linafunguliwa, madaftari yanapelekwa kwa muuza karanga au yanawashia kuni. Usafi ni katika dini yetu, sipingi. Ninachopinga ni haraka.

La kwanza ni heshima ya maneno ya Allah. Daftari la dini na la madrasa lina aya na Bismillah. Karatasi hiyo ikifungiwa karanga stendi, muda si mrefu iko chini inakanyagwa. Yatenge. Yaliyochakaa yachome mpaka yawe majivu, au yafukie mahali safi pasipopitwa na watu. Sayyidna Uthman (r.a.), alipowakusanya Waislamu kwenye msahafu mmoja, aliamuru nakala nyingine zichomwe. Haikuwa dharau, ilikuwa kuihifadhi Qur'ani.

La pili, vitabu vyenye mhuri wa shule si vyetu. Ni amana, virudishwe. Kuna mtoto mwingine anakisubiri hichohicho.

La tatu, madaftari ya Kiingereza, Hisabati na Sayansi ya darasa la sita na la saba yabaki. Mtoto wa shule ya serikali amesoma kwa Kiswahili miaka yote, akifika kidato cha kwanza masomo karibu yote yanageuka Kiingereza. Mwalimu akifundisha mmeng'enyo wa chakula kwa lugha ngeni, daftari lake la zamani litamkumbusha kwamba jambo lenyewe analijua, ni jina tu limebadilika. Hiyo ni tuisheni isiyolipiwa.

La nne, sare. Tangu 2016 ada imefutwa mpaka kidato cha nne, lakini sare ni juu ya mzazi. Mimi ni fundi cherehani, nawaambia: angalieni kola na makwapa ya shati jeupe. Kama ni zima na shule mpya inavaa nyeupe, toeni nembo ya zamani, lifueni, aendelee nalo. Sketi fumueni pindo, mdogo wake au mtoto wa jirani aivae. Kuchoma nguo nzima ni israfu, na israfu imekatazwa.

Cheti cha kuzaliwa na karatasi zote za shule wekeni kwenye bahasha moja, juu, mbali na mchwa na mvua.

La mwisho ndilo linaloniuma. Binti akirudi kutoka kisimani akakuta sanduku lake tupu mwezi Oktoba, matokeo hata hayajatoka, ataelewa nini? Ataelewa kwamba kwetu shule yake imekwisha. Na ndiyo miezi hiyohiyo anapoanza kuulizwa habari za kwenda mjini kufanya kazi za ndani, au za mchumba. Hatukutamka neno, lakini tumeshamjibu.

Kwa hiyo subirini matokeo. Kaeni naye chini mchambue pamoja, yeye ndiye aseme lipi libaki. Nafasi itakayopatikana sandukuni iwekeni madaftari mapya, hata mawili tu, ayaone kila siku mpaka Januari.

Allah awafungulie mabinti zetu milango ya elimu yenye manufaa. Aamin.